Mwenye Pingamizi na Aseme

Nchi ninayoisimulia haipo. Nimeshauriwa na watu wanaonitakia mema niseme hivyo mapema, kabla hujaanza kufananisha. Haina bendera wala wimbo, na ukiitafuta kwenye ramani utaambulia kuumwa macho. Lakini kwa kuwa niliajiriwa na serikali yake, nikapewa sare na filimbi, naona ninayo haki ya kuieleza kidogo.

Katika nchi hiyo dini na siasa zimetenganishwa, tena zimetenganishwa kweli. Ipo Wizara ya Utengano, yupo Waziri wa Utengano, na kila kata ina Afisa Utengano ambaye kazi yake ni kukaa ndani ya nyumba za ibada na kupuliza filimbi mara tu dini inapoanza kuingia kwenye siasa. Katika Kata ya Mapumziko afisa huyo nilikuwa mimi. Ijumaa nilikaa msikitini, Jumapili nilikaa kanisani, na siku zilizobaki nilizunguka sokoni kusikiliza watu wanaolalamikia bei ya unga wanamtaja nani.

Tulipata mafunzo kabla ya kuanza kazi. Mkufunzi wetu alikuwa mtu mwenye kitambi cha heshima, na alitufundisha kupuliza kwa nguvu, kwa upole, na kwa onyo la mwisho. Mwenzangu mmoja akanyoosha mkono.

"Mwalimu, na siasa ikiingia kwenye dini?"

Mkufunzi akamtazama kwa huruma. "Siasa haiingii," akasema. "Siasa inatembelea."

Tukaandika. Yule mwenzangu baadaye alipangiwa kituo kwenye msitu wa nyani, na nasikia utengano huko unakwenda vizuri sana.

*

Diwani wetu aliitwa Mheshimiwa Alhaji Mwinjilisti Bakari-Yohana Mtutura. Usicheke. Ijumaa aliitwa Bakari, akaja na kanzu iliyopigwa pasi hadi ikasimama yenyewe. Jumapili aliitwa Yohana, akaja na tai nyekundu na kuimba besi katika kwaya ambayo hakuwahi kufanya nayo mazoezi. Nguo zote mbili zilining'inia kwenye kiti cha nyuma cha gari lake. Siku moja alichanganya, akaingia kanisani na kofia ya kufuma kichwani. Magazeti yakaandika kwamba ilikuwa ishara ya umoja wa kitaifa.

Mahubiri au hotuba vikiisha, Mheshimiwa aliomba kipaza sauti ili asalimie. Salamu zake zilikuwa na utangulizi, mafanikio ya awamu iliyopita, changamoto zilizoletwa na wapinzani, na hitimisho. Watoto walilala, wakaamka, wakalia, wakanyonya, wakalala tena. Mimi nilikaa na filimbi yangu mapajani, nimetulia kabisa, kwa sababu alikuwa anatembelea.

Lakini Ijumaa moja Sheikh Mwalami, imamu wetu, mtu mpole mwenye sauti ndogo, alisema kwenye hotuba kwamba bomba la msikiti halijatoa maji tangu mfungo uliopita. Nikapuliza.

"Maji ni siasa, Sheikh," nikamwambia kwa adabu.

"Hata ya udhu, kijana wangu?"

Nikafungua mwongozo. "Ya udhu ni dini yakitoka bombani. Yasipotoka ni siasa."

Sheikh akatafakari, akasema, "Basi hapa tuna siasa nyingi mno," akaendelea na hotuba.

*

Sasa niseme habari ya makaburi, maana ndipo mambo yalipoanzia.

Kata yetu inaitwa Mapumziko kwa sababu ya makaburi yaliyo kilimani juu ya barabara kuu. Upande wa kulia wamelala Waislamu, upande wa kushoto Wakristo, na katikati kuna njia nyembamba ambayo majeneza mawili hayawezi kupishana. Kwa hiyo tangu enzi za babu zetu ipo desturi. Msiba ukikuta msiba mwingine umetangulia, unaweka jeneza lako chini, unachukua jembe, unawasaidia waliotangulia kuzika. Wao wakimaliza wanakusaidia wewe. Nimewahi kumwona shemasi amelowa jasho ndani ya kaburi la mwanachuoni, anauliza kama kina kimetosha.

Bahati mbaya kilima hicho kina upepo mzuri, na mwekezaji mmoja akaupenda. Alitaka kujenga hoteli yenye bwawa la kuogelea. Kabla hatujasikia lolote, makaburi yalizungushiwa uzio wa mabati. Mabati yenyewe yaliazimwa kwenye paa la ofisi ya kata, kwa hiyo ofisi ikahamia kwa muda katika ukumbi wa parokia, na watumishi wa umma wakaanza kuhudumia wananchi chini ya picha ya mtakatifu na kando ya ngoma za kwaya. Hakuna aliyeona tatizo. Serikali ilikuwa inatembelea.

Jumamosi ya kwanza baada ya uzio kusimama, Leokadia Mbonde alipanda kilimani. Huyu ni fundi cherehani, ndiye anayeshona sare za watoto wa shule, na alikuwa na mtoto mmoja tu, Editha, aliyekufa kwa homa siku chache kabla ya kuanza darasa la kwanza. Alizikwa na sare mpya ambayo mama yake alikuwa amekwisha kuishona. Kila Jumamosi Leokadia hupanda kupalilia kaburi na kumwagilia maua meupe aliyoyapanda. Siku hiyo alikuta lango, na langoni mlinzi.

"Una miadi?" mlinzi akamuuliza.

"Miadi na nani?"

"Na huyo unayekuja kumwona."

Leokadia akaweka ndoo ya maji chini. Akamwambia mlinzi kwamba mtu wake ana miaka sita, hajui kusoma wala kuandika, na kwa muda mrefu sasa hajatoka nje. Mlinzi akasema basi aje siku nyingine.

Akaenda kwenye baraza la madiwani. Mheshimiwa Alhaji Mwinjilisti alikuwa mwenyekiti siku hiyo, na alimsikiliza kwa uso wa huzuni. "Mama, pole sana. Lakini makaburi ni suala la dini, na baraza hili haliingilii dini hata kidogo. Tunaheshimu katiba." Kisha kikao kikafungwa kwa sala ndefu iliyoongozwa na yeye mwenyewe.

Akaenda kwa Katekista Fulgensi, ambaye huongoza ibada ya Jumapili kwa kuwa padri wetu ana vigango vingi vya kuhudumia na pikipiki moja. Katekista akaanza kulisema jambo hilo mimbarini. Nikapuliza, maana ardhi ni siasa. Ijumaa iliyofuata Bi Mwanaidi, mjane ambaye mumewe amelala upande wa kulia, alimwomba Sheikh Mwalami aseme neno. Sheikh akafungua mdomo tu. Nikapuliza.

Ili kumaliza ubishi, halmashauri ikaandika tangazo: MAKABURI HAYA SI SUALA LA SIASA. Wizara ya Utengano nayo ikaandika lake: MAKABURI HAYA SI SUALA LA DINI. Yote mawili yakapigwa mihuri, nikapewa mimi na nyundo, nikayapigilia kwenye uzio, moja kulia na jingine kushoto. Yalikaa vizuri.

*

Leokadia aliyasoma yote mawili, akarudi nyumbani, akafunika cherehani kwa kitambaa. Wiki ile ilikuwa ya kuchukua fomu za udiwani.

Msimamizi wa Uchaguzi wa kata yetu aliitwa Bwana Telesphori Chanzi. Alikuwa anavaa suti ya vipande vitatu kwenye joto lililowafanya kuku watembee midomo wazi, na hakuwahi kusema jambo kwa maneno matatu kama yalikuwepo kumi na matano. Alikuwa amekaa kwenye meza yake katika ule ukumbi wa parokia, mimi pembeni yake kama sheria inavyotaka.

"Ndugu mwananchi," akasema, "kabla mamlaka niliyokabidhiwa hayajaipokea fomu hii, nalazimika kukuuliza, kwa mujibu wa taratibu, iwapo unajiona unao uwezo wa kuyabeba majukumu mazito ya udiwani."

"Nitayaweza," akasema Leokadia, "Mungu akipenda."

Kalamu ya Bwana Chanzi ikasimama. Akageuza shingo taratibu akanitazama. Katika nchi yetu kila kikao cha serikali hufunguliwa kwa dua, na kila kiapo humalizika kwa kumwomba Mwenyezi Mungu msaada, lakini hao ni viongozi, wana kibali. Mwananchi wa kawaida akimtaja Mungu kwenye jambo la uchaguzi amechanganya dini na siasa. Nikapuliza filimbi.

Bwana Chanzi akachukua muhuri mwekundu. "Umeenguliwa," akasema. Ndilo neno fupi kuliko yote niliyopata kumsikia.

Leokadia hakupiga kelele. Alinigeukia mimi.

"Kaka, mama yako amezikwa wapi?"

Swali hilo halikuwemo kwenye mafunzo. Nikaifuta filimbi kwa leso, nikaifuta tena. Mama yangu amelala kilimani, upande wa kushoto, karibu na lango, chini ya zege pana ambalo mimi na ndugu zangu tulilimwaga kwa mikono yetu. Nilikuwa sijamtembelea tangu uzio ulipowekwa. Na mimi sikuwa na miadi.

*

Mheshimiwa Alhaji Mwinjilisti akabaki mgombea peke yake. Katika nchi yetu mgombea wa namna hiyo hupita bila kupingwa, na watu hupumzika kupiga kura. Safari hii makao makuu yaliamua kulipamba jambo hilo. Likaja agizo kwamba waliopita bila kupingwa watangazwe katika kila nyumba ya ibada, ili taifa limshukuru Mungu kwa amani iliyopo, na kwamba tangazo hilo ndilo litakalohesabika kuwa rasmi na la mwisho.

Nilimuuliza Bwana Chanzi, kwa nia njema kabisa, kama nipulize.

"Kijana," akanijibu, "wewe puliza upepo ukitoka huku kwenda kule. Ukitoka kule kuja huku, shukuru umepata hewa."

Tukaanza na Ijumaa. Mheshimiwa Bakari alikaa safu ya mbele, kanzu imesimama. Swala ikaisha, Sheikh Mwalami akashika kipaza sauti kwa vidole viwili kama aliyeshika panya aliyekufa.

Lazima uelewe kwamba kwenye msikiti wetu matangazo ya baada ya swala huwa ya aina moja tu. Sheikh akishika kipaza sauti na kutaja jina la mtu, mtu huyo amefariki, na kinachofuata ni kuambiwa atazikwa lini.

"Ndugu Waislamu," Sheikh akaanza kwa ile sauti yake ndogo, "tunawatangazia habari ya ndugu yetu, Mheshimiwa Bakari Mtutura..."

Hakuendelea. Msikiti mzima, kutoka safu ya kwanza hadi barazani penye viatu, uliitikia kwa sauti moja nzito yale maneno yanayosemwa mtu akisikia kifo. Mzee mmoja asiyeona vizuri alimgeukia jirani yake na kusema, "Masikini, kwani aliugua?" Jirani yake alikuwa Mheshimiwa mwenyewe.

Sheikh akajaribu kueleza kwamba mtu yu hai, ila amepita. Neno hilo halikusaidia. Watu walianza kuulizana nani ataenda kuchimba, na kama mlinzi wa lango atawaruhusu. Mheshimiwa aliondoka bila kusalimia, jambo ambalo halikuwahi kutokea, na baadhi ya watu walilichukua kama uthibitisho.

*

Jumapili Mheshimiwa Yohana alikuja na tai yake na walinzi wawili. Alikuwa amekwisha kumwonya Katekista Fulgensi: hakuna masihara, soma kilichoandikwa. Katekista ni mtu wa woga. Alitokwa na jasho tangu wimbo wa mwanzo.

Wakati wa matangazo akaanza na ya ndoa, kama kawaida. Kwetu kila ndoa hutangazwa Jumapili tatu, na kila mara Katekista humalizia kwa kuuliza kama kuna anayejua kizuizi. Amekuwa akisoma hivyo kwa miaka mingi kiasi kwamba mkewe anasema huuliza hata usingizini. Siku hiyo zilikuwepo ndoa mbili. Akasoma ya kwanza, akauliza pingamizi. Kimya. Akasoma ya pili, akauliza. Kimya. Akachukua karatasi ya tatu, macho hayatoki kwenye maandishi.

"Mheshimiwa Yohana Mtutura amepita bila kupingwa kuwa diwani wa Kata ya Mapumziko kwa miaka mitano ijayo. Kama kuna mwenye pingamizi na aseme sasa."

Akajisikia mwenyewe. Akaziba mdomo kwa karatasi.

Nimekaa kwenye ibada nyingi kikazi, najua kimya cha sala na kimya cha njaa. Hiki kilikuwa kingine. Kisha benchi la wanakwaya wa sauti ya kwanza likalia, na Leokadia Mbonde akasimama.

"Ninalo," akasema.

Katekista, ambaye ulimi wake ulikuwa bado kwenye reli ya ndoa, akauliza kama inavyotakiwa, "Ni kizuizi gani, mama?"

"Bwana huyu ana ndoa nyingine. Ameshafunga na mwekezaji, na mahari waliyopeana ni makaburi yetu. Mwanangu yumo humo. Sikubali."

Akina mama walipiga vigelegele, mtu mmoja akapiga ngoma ya kwaya bila kuombwa, na yule bwana harusi wa tangazo la kwanza akasimama juu ya benchi akipunga mkono, sijui kwa nini. Mheshimiwa alikuwa amesimama mbele kabisa, karibu na altare, uso umeiva.

"Wewe!" akaninyooshea kidole. "Piga filimbi!"

Nikaitia mdomoni. Naapa niliitia. Lakini nilipomtazama pale aliposimama, na kumtazama Leokadia pale aliposimama, sikuweza kuona vizuri ni nani aliyeingia kwa mwenzake. Kwa hiyo nikapuliza kwa kuvuta ndani, na filimbi ya serikali ukiivuta haitoi sauti.

*

Jumatatu ukumbi wa parokia ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Bwana Chanzi aliingia na suti mpya.

"Ndugu wananchi! Kwa mujibu wa sheria mama ya Utengano, kanisa si mahali pa siasa. Hivyo basi, pingamizi lililotolewa kanisani ni batili, limekuwa batili, na litaendelea kuwa batili!"

Katekista Fulgensi akanyoosha mkono. Ulikuwa unatetemeka, lakini aliuweka juu. "Mheshimiwa Msimamizi, na tangazo je? Maana lilisomwa palepale, na kipaza sauti kilikuwa kilekile."

Bwana Chanzi akanywa maji. Akasema jambo hilo litapelekwa makao makuu.

Makao makuu ya nchi yetu husoma mstari wa kwanza wa kila barua, kisha hujibu kwa hasira. Jibu lilirudi haraka, lina mihuri mitatu, na Bwana Chanzi alifurahi kiasi kwamba alilisoma mbele ya watu kabla hajalisoma peke yake. Hilo ndilo kosa ambalo wasimamizi wetu hulifanya daima, kwa sababu wanaamini kila kinachotoka juu kinawapendelea.

"Jambo lolote la siasa lililotamkwa katika eneo la dini," akasoma kwa sauti ya tarumbeta, "halina nguvu yoyote kisheria, tangu siku lilipotamkwa!"

Akashusha karatasi, akatabasamu. Leokadia akasimama.

"Ahsante, Bwana Msimamizi. Naomba kuuliza. Hapa tulipo ni wapi?"

Bwana Chanzi akatazama picha ya mtakatifu. Mtakatifu akamtazama.

"Ukumbi... wa parokia."

"Na siku uliyoniengua ulikaa wapi?"

"Kwenye hicho kiti."

"Cha nani?"

"Cha parokia," akasema Bwana Chanzi, na jasho likapenya vipande vyote vitatu vya suti.

Kuenguliwa kwa Leokadia kukawa kumefutika. Ila na fomu ya Mheshimiwa ilipokelewa kwenye kiti kilekile, kwa hiyo nayo ikafutika. Kisheria hatukuwa tena na mgombea hata mmoja, ikabidi kuanza upya, barabarani, chini ya jua, kwenye meza iliyopimwa isiguse kivuli cha kanisa wala cha msikiti. Leokadia alipoulizwa kama ataweza, alijibu, "Nitaweza," akafumba mdomo akaenda nao hivyo mpaka nyumbani.

*

Kikabaki kituo cha kupigia kura. Sheria inataka kisiwe mahali pa dini wala pa siasa. Shule ni ya misheni. Zahanati ilijengwa na jumuiya ya Waislamu. Soko lina jina la chama. Uwanja wa mpira una picha ya Mheshimiwa kwenye kila goli, anadaka. Bwana Chanzi alizunguka kata nzima, siku ya mwisho ya kutangaza kituo ikafika, na sauti yake ikaanza kukauka.

Nikamwambia kwa unyenyekevu, "Mkuu, ipo sehemu moja. Ina hati ya halmashauri kwamba si ya siasa, na hati ya wizara kwamba si ya dini. Nilizipigilia mwenyewe."

Alinikumbatia. Alisaini palepale, akatuma, ikatangazwa kwenye gazeti la serikali. Ni baada ya hapo ndipo mtu alipomkumbusha kwamba eneo likishatangazwa kuwa kituo cha kura haliwezi kuuzwa, kukodishwa wala kuzungushiwa uzio. Lakini gazeti la serikali halikosei, kwa hiyo halirekebishwi.

Asubuhi ya uchaguzi watu walipanda na bisibisi na nyundo. Mabati yakashuka moja baada ya jingine, yakabebwa vichwani mpaka kwenye ofisi ya kata, yakarudishwa juu ya paa lake. Mlinzi alitaka kuuliza kuhusu miadi, akaona ni wengi, akajiunga na foleni.

Njia ya katikati ilikuwa nyembamba kama siku zote, na watu walipishana kwa ile desturi ya majeneza: anayesubiri anamsaidia aliyetangulia. Aliyefika na mzee alisaidiwa kumshika mkono, aliyebeba mtoto alipokelewa mtoto. Ni kweli kwamba katika chaguzi zilizopita wengi wa waliolala pale walikuwa wakipiga kura kwa bidii kuliko sisi tulio hai. Safari hii, labda kwa kuwa tulisimama machoni pao, walijizuia. Bi Mwanaidi alimsalimia mumewe kwa sauti na kumwambia, "Leo utulie, nakupigia mimi." Leokadia alipalilia kaburi la Editha huku akisogea na foleni, magugu yalikuwa mengi, na wanawake waliokuwa nyuma yake wakainama naye wakang'oa.

Jioni, jua likiwa bado lipo, Bwana Chanzi akapanda juu ya kichuguu. Masanduku yalikuwa bado yamefungwa. Akatoa bahasha kwenye koti, ambayo ilifika kutoka makao makuu tangu juzi.

"Kwa mamlaka niliyopewa, namtangaza Mheshimiwa Alhaji Mwinji..."

"TUNALO PINGAMIZI!"

Sikujua kwamba kata yetu ina watu wengi vile. Walisema wa kulia na wa kushoto, Katekista Fulgensi alisema bila kutetemeka, na Sheikh Mwalami, ambaye nilidhani sauti yake imeishia pale ilipoishia, nilimsikia kuliko wote. Bwana Chanzi akarudia. Wakarudia.

"Filimbi!" akanipigia kelele. "Filimbi, wewe!"

Nikapuliza. Safari hii kwa nje, kwa nguvu zangu zote, hadi kunguru wakaruka kilimani. Na nilikuwa nimeielekeza kwenye bahasha.

"Hapa si mahali pa siasa, mkuu," nikasema. "Una hati mbili. Hapa ni mahali pa kura tu. Zihesabu."

Lilihitajika eneo pana la kumwagia kura, na lililokuwepo lilikuwa zege la mama yangu. Nikamwomba radhi, nikalifuta vumbi kwa leso ileile ya filimbi. Kura zikahesabiwa juu yake, kila mtu akitazama, na za Leokadia zilikuwa lundo ambalo mtoto angejificha nyuma yake. Mheshimiwa hakuwepo. Alikuwa kata ya jirani, anashukuriwa kwa ushindi.

*

Leokadia aliapishwa ndani ya ofisi ya kata, chini ya paa. Bwana Chanzi ndiye aliyeongoza shughuli, kwa sauti ya mtu aliyelazwa na kuruhusiwa mapema mno. Kabla ya kiapo akamuuliza, kama taratibu zinavyotaka:

"Je, utaitumikia kata hii na kulinda mali zake zote, makaburi yakiwemo?"

Kibali hakuwa nacho bado. Kibali huja baada ya kiapo. Leokadia alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote chumbani. Akamtazama Bwana Chanzi, akanitazama mimi, akaitazama filimbi shingoni mwangu.

"Mungu akipenda," akasema.

Shingo zote zikanigeukia. Bwana Chanzi alikuwa amekwisha kushika muhuri mwekundu. Nikafungua mdomo.

"Amina," nikasema.

Na ofisi nzima, wa kulia na wa kushoto, ikaitikia.

Barua ya kunifukuza kazi imefika leo kutoka wizarani. Imeandikwa vizuri, ina mihuri mitatu, na mwishoni inasema kwamba kama nina neno la kusema niliseme ndani ya muda uliowekwa. Nimekwisha kuwajibu. Ninalo pingamizi.